Simu Ukumbini: Nani Ana Haki ya Kurekodi Kikao cha Halmashauri

Mwezi Juni 2011, katika ukumbi wa halmashauri ya Carmarthenshire, magharibi mwa Wales, mwanamke mmoja aliyeketi kwenye viti vya wananchi alitoa simu yake akaanza kuwarekodi madiwani wakijadiliana. Aliamriwa aache. Hakuacha. Polisi wakaitwa, akafungwa pingu na kuondolewa. Kikao chenyewe kilikuwa cha wazi: mtu yeyote angeweza kuingia, kusikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na kuandika kwa kalamu kila neno lililosemwa.

Kalamu ilikuwa halali, simu ikawa kosa. Tofauti hiyo haikutokana na ukali wa mwenyekiti peke yake, kwa kuwa sheria iliyotumika wakati huo England na Wales iliziruhusu halmashauri kufanya hivyo. Wananchi walikuwa na haki ya kuhudhuria, lakini halmashauri haikulazimika kuruhusu picha zipigwe, wala kifaa chochote cha kumwezesha mtu asiyekuwepo kuona au kusikia yanayoendelea. Haki ilimfaidi aliyefika ukumbini, na ikaishia mlangoni. Mfanyakazi wa zamu, mama mwenye watoto wachanga na mzee asiyeweza kupanda ngazi za ukumbi walibaki kusubiri mihtasari, ambayo huandikwa na halmashauri yenyewe na kwa kawaida hutaja uamuzi bila kueleza nani alisema nini.

Historia ya kufunguliwa kwa mlango huo ilianza katika mji mdogo wa Tenby, kwenye pwani ya Wales. Halmashauri ya mji huo ilimzuia Frank Mason, mhariri wa gazeti la Tenby Observer, asihudhurie vikao vyake. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 1908 majaji wakaamua kwamba wala mwandishi wala mwananchi hakuwa na haki ya kuingia. Hukumu hiyo iliwashtua wenye magazeti nchi nzima, na kabla mwaka haujaisha Bunge likapitisha sheria ya kuwaruhusu waandishi wa habari. Mwananchi wa kawaida hakutajwa. Angengoja zaidi ya miaka 50.

Halmashauri zilizopenda faragha ziligundua upenyo mapema. Sheria ya 1908 ilihusu hasa mikutano ya baraza lenyewe, kwa hiyo madiwani waliotaka kuzungumza bila kusikiwa walipitisha azimio la kujigeuza kamati. Watu walikuwa walewale, ukumbi uleule, meza ileile, lakini mwandishi alitakiwa kutoka nje. Mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wa mgogoro wa wafanyakazi wa uchapaji, baadhi ya halmashauri zilizoongozwa na chama cha Labour, Nottingham ikiwemo, zilitumia njia za aina hiyo kuwazuia waandishi wa magazeti yaliyohusika na mgogoro. Jambo hilo lilimpa hoja mbunge mpya wa Finchley aliyeitwa Margaret Thatcher. Tarehe 5 Februari 1960 alisimama bungeni kwa mara yake ya kwanza, akazungumza kwa karibu nusu saa bila kusoma karatasi, akiwasilisha muswada wake binafsi wa kuwaruhusu wananchi wote kuhudhuria mikutano ya vyombo vya umma. Ukawa sheria mwaka huohuo. Sheria nyingine za 1972 na 1985 zikaufuata upenyo ule hadi kwenye kamati na kamati ndogo, na kuwapa wakazi haki ya kusoma ajenda na taarifa kabla ya kikao.

Tangu Tenby, basi, kila sheria iliziba tundu moja na kuacha lingine. Mwaka 2011 tundu lililobaki lilikuwa kumbukumbu: mwananchi aliruhusiwa kusikia, lakini hakuruhusiwa kuondoka na ushahidi wa alichosikia.

Serikali ilianza kwa kubembeleza. Eric Pickles, aliyekuwa waziri wa serikali za mitaa, alizihimiza halmashauri za England kuwafungulia milango wenye kamera na wanaoandika mtandaoni, na mwaka 2013 wizara yake ikatoa mwongozo. Nyingi ziliitikia, lakini nyingine ziling'ang'ania masharti ya kuombwa kibali kwanza. Hapo ikaja kanuni yenye nguvu ya kisheria, iliyoanza kutumika England tarehe 6 Agosti 2014. Inagusa halmashauri za kaunti, wilaya na mitaa ya London, mamlaka za zimamoto na za hifadhi za taifa, hadi zile halmashauri ndogo za ngazi ya kijiji ambazo kikao chake huenda kina madiwani saba na mjadala juu ya taa moja ya barabarani.

Kiini chake ni kifupi. Ikiwa kikao kiko wazi kwa umma, anayehudhuria ili kuripoti lazima aruhusiwe kurekodi sauti, kupiga picha, kuchukua video, kuirusha mubashara, na kuandika kwenye mitandao ya kijamii wakati kikao kinaendelea au baadaye. Hahitaji kuwa mwandishi mwenye kitambulisho. Hahitaji kuomba kibali. Mwongozo wa wizara unamshauri tu kuwasiliana na maofisa mapema kama ana vifaa vikubwa au anahitaji umeme, nao kwa upande wao wanatakiwa kumpa nafasi ya kuridhisha ya kuona na kusikia, na ikiwezekana meza ya kuandikia. Kitu kimoja kimekatazwa waziwazi, nacho kinaeleweka: hawezi kudai haki ya kutangaza kwa sauti humo ndani, kama mtangazaji wa mpira, wakati diwani anazungumza. Hiyo ataifanyia nje.

Kipimo kilichochaguliwa ndicho kinachostahili kusifiwa, kwa sababu kinaangalia mwenendo wa anayerekodi na kuyaacha maudhui yake. Mwenyekiti anaweza kumzuia anayevuruga kikao, na mwongozo unataja mifano: kutoka sehemu ya wananchi na kuzungukazunguka kati ya madiwani, kufunga vifaa kwa kelele, kuwamulika watu kwa taa kali, au kumwomba mzungumzaji arudie kauli yake ili irekodiwe vizuri zaidi. Hakuna mahali panapomruhusu mwenyekiti kuuliza anayerekodi ni wa chama gani, ataitumia wapi video hiyo, au aliandika nini mwezi uliopita. Kibali cha kuombwa kingefungua maswali yote hayo, na mkosoaji angekuwa wa kwanza kunyimwa.

Kuna saa ambapo kamera lazima izimwe. Halmashauri inashughulikia kesi za watoto walio chini ya uangalizi, migogoro ya wafanyakazi wake, ushauri wa wanasheria na bei za zabuni kabla ya kufunguliwa. Sheria imezitaja aina za habari zinazoruhusu wananchi kutolewa nje, na kwa nyingi kati yake ni lazima azimio lipitishwe kwanza, sababu ikitajwa. Wananchi wakishatoka, haki ya kurekodi inatoka nao. Mtu hawezi kuacha simu ikirekodi chini ya kiti akidai kwamba aliiwasha wakati kikao kilipokuwa cha wazi.

Suala gumu zaidi ni la mwananchi mwingine aliyemo ukumbini. Diwani amegombea nafasi ya umma na anafanya kazi ya umma, kwa hiyo hana msingi wa kulalamika akionekana akiifanya. Lakini vipi jirani aliyesimama kueleza jinsi maji taka yanavyoingia nyumbani kwake, au mama anayezungumzia ulemavu wa mwanawe ili shule ipewe gari? Kanuni haiwapi watu hawa uwezo wa kuzuia kurekodiwa kwa kikao. Mwongozo unazishauri halmashauri ziwe na utaratibu wa kuwalinda, kwa mfano kumwacha nje ya picha mwananchi anayesema wazi kwamba hataki kuonekana, bila kutumia sababu hiyo kuzima kamera zote. Ni suluhisho lenye busara, lakini linategemea sana mwenyekiti anayetangaza mwanzoni kwamba kikao kinarekodiwa, na maofisa wanaokumbuka kuwatengea viti upande ambao kamera haielekei. Sheria za kashfa na za ulinzi wa taarifa binafsi hazikufutwa na kanuni hii: mwenye video anawajibika kwa anachokichapisha.

Nchini Marekani, jimbo la California limekwenda mbali zaidi katika jambo moja muhimu. Sheria yake ya mikutano ya wazi, inayoitwa Brown Act kwa jina la mbunge Ralph M. Brown, ilipitishwa mwaka 1953 baada ya gazeti la San Francisco Chronicle kuchapisha mfululizo wa makala kuhusu vikao vya siri vya serikali za mitaa. Leo sheria hiyo inampa yeyote anayehudhuria haki ya kurekodi, na inamtwika mzigo wa hoja anayetaka kuzuia. Chombo husika lazima kijiridhishe, kwa misingi inayokubalika, kwamba kelele, mwanga au kuziba macho ya wengine kunavuruga kikao mfululizo. Isitoshe, kama halmashauri yenyewe imerekodi kikao chake cha wazi, rekodi hiyo ni ya umma na mwananchi anaweza kuikagua bila malipo. Inaruhusiwa kufutwa baada ya siku 30, muda ambao kwa kweli ni mfupi: mkazi anayesikia habari za uamuzi miezi miwili baadaye hukuta ushahidi umeshapotea.

Je, kamera inabadilisha tabia ya madiwani? England ililiona jibu bila kulitafuta. Wakati wa janga la korona, vikao viliruhusiwa kufanyika kwa njia ya mtandao, na tarehe 10 Desemba 2020 halmashauri ndogo ya Handforth, huko Cheshire, ilikutana kupitia Zoom. Mambo yaliharibika. Jackie Weaver, ofisa wa chama cha halmashauri ndogo za Cheshire aliyekuwa akisimamia kikao, aliambiwa kwa hasira kwamba hana mamlaka pale, naye akawaondoa waliokuwa wakivuruga. Februari 2021 video ilisambaa, na mamilioni ya watu ambao hawajawahi kukanyaga kikao cha halmashauri wakaitazama. Wengi walicheka. Wakazi wa Handforth walipata kitu kingine: waliona kwa macho yao jinsi waliowachagua wanavyotendeana. Uchunguzi uliofuata ulisema kwamba ofisa huyo hakuwa na mamlaka rasmi ya kuwatoa, ingawa ulielewa ugumu wa hali aliyokuwemo. Hilo nalo ni somo la kweli kuhusu kurekodi. Kipande cha dakika chache kiliupa ushindi upande mmoja, na ilihitajika rekodi nzima, pamoja na kanuni za kikao, kujua nani alikuwa sahihi. Kwa sababu hiyo halmashauri yenye hekima hurekodi kikao chake chote na kukiweka hadharani, ili atakayeshuku kipande kilichokatwa awe na cha kukilinganisha nacho. Wales imeelekea huko: sheria yake ya 2021 inazitaka halmashauri kuu kurusha vikao vya baraza zima kwa njia ya mtandao.

Afrika Mashariki ina msingi imara katika Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 196 inalitaka kila bunge la kaunti kuendesha shughuli zake kwa uwazi na kufanya vikao vyake na vya kamati zake hadharani. Wananchi na vyombo vya habari hawawezi kuzuiwa isipokuwa kwa hali ya kipekee, na spika lazima aone kwamba kuna sababu za haki. Kamati, zile zilizokuwa mafichoni kwa miaka mingi Uingereza, zimetajwa kwa jina tangu mwanzo. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini ibara hiyo inazungumzia kuhudhuria, haitamki neno juu ya mkazi kurekodi kwa simu yake, na jambo hilo likiachiwa kanuni za kudumu za kila bunge la kaunti, haki inaweza kubadilika mtu akivuka mpaka wa kaunti. Ibara ya 33 inamhakikishia kila mtu uhuru wa kutafuta, kupokea na kusambaza habari. Kuziunganisha ibara hizo mbili katika kanuni moja inayotaja simu, kamera na mipaka yake kungewaepusha na mzozo spika, askari wa mlangoni na mwananchi.

Hata kikao kikirekodiwa neno kwa neno, bado kuna maamuzi yasiyopita kikaoni kabisa. Madiwani humkabidhi ofisa uwezo wa kutoa leseni, kuidhinisha ujenzi au kutia saini mkataba, naye huamua akiwa mezani kwake. Waandishi wa kanuni za England za 2014 waliliona tundu hilo na kulishughulikia katika sehemu ambayo haitajwi sana. Ofisa anayefanya uamuzi wa aina hiyo anatakiwa kuandika tarehe, alichoamua, sababu zake, na njia nyingine alizozifikiria na kuzikataa. Maandishi hayo huwekwa wazi kwa miaka 6, na nyaraka zilizotumika kufikia uamuzi kwa miaka 4. Anayemzuia mwananchi kuzisoma bila sababu ya msingi anatenda kosa la jinai ambalo faini yake haizidi pauni 200. Kwa mkataba wa mamilioni, hiyo ni bei ndogo mno ya kufungia kabati, na ndipo marekebisho yajayo yanapopaswa kuanzia.