Neno "Filamu": Asili Yake na Namna ya Kulifikisha Darasani

Muhula uliopita, tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi huku Bisibo, tulikaa nyuma ya Darasa la Tano kusikiliza somo la Kiswahili. Miongoni mwa msamiati wa siku hiyo lilikuwamo neno "filamu". Mwalimu mwanafunzi aliandika ubaoni, kwa hati nzuri kabisa: "Filamu ni picha zinazotembea." Watoto wakanakili. Ndipo mmoja wao aliponyosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, hiyo filamu yenyewe imo wapi ndani ya simu?" Akaambiwa akae, swali hilo si la somo. Yatupasa kukiri kwamba hata sisi, tuliokuwa na fomu ya tathmini mapajani, hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ni jibu tulilomkawiza mtoto yule.

Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiingereza, lakini kwa Waingereza lilikuwako karne nyingi kabla ya picha yoyote. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya utando, yaani ngozi nyembamba ifunikayo kitu. Mtu akichemsha maziwa na kuyaacha yapoe, jambo lisilo geni katika nyumba za Ngara na Biharamulo, huona utando ukijitanda juu yake. Utando wa namna hiyo ndio maana ya asili ya neno hili.

Katika karne ya 19 wapiga picha walikuwa wakipaka juu ya kioo tabaka jembamba la dawa inayobadilika ipigwapo na mwanga. Tabaka hilo nalo likaitwa utando, kwa neno lilelile. Mwaka 1889 kampuni ya George Eastman, huko Marekani, ilianza kuuza ukanda mwembamba wa seluloidi upitishao mwanga, uliochukua nafasi ya kioo. Jina likahama kutoka dawa iliyopakwa hadi ukanda uliopakwa. Baadaye likahama tena, likawa jina la mchezo mzima uliopigwa juu ya ukanda huo.

Hapa mwalimu asipite haraka, maana vitu vyenyewe si vigeni kwa watoto. Seluloidi ilitengenezwa kwa pamba iliyotiwa asidi ya naitriki, kisha ikachanganywa na kafuri, ile ile tuijuayo. Dawa iliyopakwa juu yake ilikuwa chumvi za madini ya fedha zilizoshikwa na jelatini, na jelatini huchemshwa kutoka ngozi na mifupa ya mifugo kama ng'ombe. Mtoto wa mfugaji anaweza kuelezwa, bila kudanganywa, kwamba aliyeshikilia picha juu ya ukanda ni ng'ombe.

Neno "sinema" lina njia nyingine. Chanzo chake ni neno la Kiyunani lenye maana ya mwendo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walikiita chombo chao "cinématographe", yaani kiandikacho mwendo, na tarehe 28 Desemba 1895 mjini Paris wakawaonyesha picha watu waliolipa kiingilio. Jina hilo lilifupishwa, na baadhi ya Waingereza wakaliandika kwa herufi K wakifuata Kiyunani. Tahajia hiyo ilifika hata nchini mwetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, palikuwa na mradi wa kutengeneza picha za kuelimisha ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, chini ya L. A. Notcutt na G. C. Latham. Picha zake zilizungushwa kwa lori na kuonyeshwa vijijini, na maelezo yakatolewa kwa santuri. Lau tahajia hiyo ingalishinda, huenda leo tungalisema "kinema".

Basi "filamu" kwa asili hutaja kitu, na "sinema" hutaja mwendo. Maelezo ya ubaoni siku ile yalikuwa ya neno la pili. Tena picha zenyewe hazitembei. Kwa kawaida picha 24 zilizotulia hupita mbele ya jicho kila sekunde, yaani 1,440 kwa dakika, na ukanda wenye upana wa milimita 35 hutumia karibu mita 27 kwa muda huo. Aziunganishaye ni mtazamaji mwenyewe.

Zana za somo hazina gharama. Siku moja kabla ya kipindi, kila kikundi kichukue kurasa 20 za daftari kuukuu na kuchora pembeni mwa kila ukurasa mtu mwenye jembe, jembe likipanda kidogo tu toka mchoro hadi mchoro. Kurasa zikiporomoshwa upesi chini ya kidole gumba, mtu huyo atalima. Kosa tulilokwisha kuliona mara nyingi ni kuruka hatua: jembe liko chini, mara liko kichwani, na mkulima anaonekana kama ameshtuka. Maziwa yachemshwe asubuhi, yapoe, na utando uinuliwe kwa kijiti mbele ya darasa. Yakikosekana maziwa, uji uliopoa utafaa.

Na yule aliyeuliza? Kwanza aulizwe naye: waya umo wapi ndani ya simu ya mkononi? Maana "simu" ni neno la Kiajemi, na huko kwao ni waya. Waya umeondoka, jina limebaki. Utando nao umeondoka, na jina lake limebaki. Kisha aelezwe kwamba ndani ya simu picha huhifadhiwa kwa tarakimu, na kwamba hamna ukanda wowote humo, hata akiifungua.