Kipepeo wa Mindimu

Aliyeotesha miche ya michungwa au mindimu katika nchi ya Tabora huenda siku moja, baada ya mvua, akakuta majani machanga yameliwa yakaisha. Humtafuta mwizi asimwone, ila huona juu ya jani kitu mfano wa mavi ya ndege. Tukitazame vizuri: kitu hicho kina uhai, nacho ndicho mwizi mwenyewe.

Huyo ni kiwavi wa kipepeo ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus. Mama hutaga mayai yake moja moja juu ya majani machanga, nayo ni madogo, ya mviringo, yenye rangi ya manjano hafifu. Kiwavi akitoka huwa mweusi mwenye baka jeupe, na kwa sura hiyo ndege humpita wasimdhanie kuwa chakula. Akisha kukua hugeuka rangi ya majani. Tukimgusa, hutoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Baadaye hujifunga kwa uzi katika kijiti, akalala ndani ya ganda.

Kisha hutoka kipepeo mkubwa, upana wa mabawa karibu inchi 4: mweusi, mwenye madoa mengi ya manjano, na katika kila bawa la nyuma madoa mawili mfano wa macho. Hata anyonyapo ua hupigapiga mabawa bila kutulia.

Je, zamani alikula nini? Asili ya michungwa na mindimu ni Asia, nayo ilifika bara pamoja na watu wa pwani na Waarabu, waliofuata njia ya misafara toka Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji. Burton na Speke walipofika Tabora mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wamekwisha kukaa. Lakini kipepeo huyu ni mwenyeji wa Afrika. Alikula majani ya miti ya mwitu kama mjafari, ulio jamaa ya mchungwa; basi mti mgeni ulipokuja, aliutambua kwa harufu ya ukoo.

Mti mkubwa hauumii sana, bali mche mdogo waweza kumalizwa na viwavi wachache. Kwa hiyo wakati wa mvua tuikague miche mara kwa mara, tukaondoe mayai na viwavi kwa mkono. Kumfukuza kipepeo hakutoshi; apendaye machungwa na ajifunze kumjua mtoto wake.