Simu ya Upepo ya Ofisini

Wazee wetu walipoona habari zikifika kutoka mbali bila waya, waliita jambo hilo simu ya upepo. Nasikitika kwamba jina hilo limeanza kusahauliwa, maana siku hizi ofisi nyingi zina simu ya upepo ya namna nyingine, na wengi waitumiao hawajui hata waiiteje. Mafundi wenzangu husema aksesi pointi; mimi hapa nitasema kituo tu. Ni kitu kama kisahani cheupe kilichobandikwa darini, chenye taa moja ndogo, na watu hupita chini yake mwaka mzima wasikitazame. Bwana Mhariri ameniomba niwaeleze wanafunzi, na wenzangu tuliosoma zamani, kazi ya kisahani hicho, kwa kuwa kuvifunga ndiyo kazi inayonilisha huku Ngagara.

Kwanza yafaa kujua kwamba kituo hakileti intaneti. Burundi haina bahari. Nyaya kubwa za chini ya bahari, kama SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, hufika pwani kwa jirani zetu, Mombasa na Dar es Salaam, na kutoka huko habari husafiri nchi kavu mpaka zitufikie Bujumbura. Kituo ni bomba lililo mwisho wa mfereji huo mrefu. Maji yakiwa haba, bomba pana haliyaongezi. Nimeona watu wakinunua kituo cha bei kubwa, halafu wakakasirika kwamba intaneti ni ile ile ya jana.

Tena kituo si kile kisanduku cha nyumbani chenye antena mbili tatu. Kisanduku kile ni watumishi watatu katika kanzu moja: ni rauta, ni swichi, na ni kituo pia. Kwa nyumba ya watu watano chatosha sana. Kituo cha ofisi kina kazi moja tu, kuyageuza maneno ya kwenye waya yawe mawimbi ya redio, na mawimbi yawe maneno ya kwenye waya.

Mawimbi hayo ni ya namna mbili hasa. Yale ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12 na nusu hivi. Hupenya ukuta vizuri kidogo, lakini nafasi yake ni finyu, maana chaneli zisizogongana ni tatu tu: ya 1, ya 6 na ya 11. Yale ya gigahezi 5 ni mafupi karibu nusu ya hayo. Hubeba mengi zaidi, ila hudhoofika upesi yakikuta matofali. Bati huyarudisha yote. Ngagara, mtaa uliojengwa miaka ya 1950 na shirika la Wabelgiji liitwalo OCAF, hata leo wengine wauita kwa jina hilo, una nyumba nyingi za matofali ambazo sasa zimekuwa ofisi. Kwa hiyo ukuta ndio adui yangu wa kila siku.

Sasa nifike penye kiini cha mambo. Katika chaneli moja, mmoja tu aweza kusema kwa wakati mmoja. Ni kama baraza lililo na adabu: kila kompyuta husikiliza kwanza, ikisikia kimya hungoja kitambo kidogo, kisha husema. Asili ya utaratibu huu yatoka visiwa vya Hawaii, ambako mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake waliunganisha kompyuta za chuo kikuu kwa redio. Huko kila mmoja alisema alipotaka, na maneno yakigongana aliyarudia baadaye. Adabu ya kusikiliza kwanza iliongezwa na waliofuata. Kanuni ya waifai ya kwanza, iitwayo 802.11, ilitolewa mwaka 1997, nayo ilibeba megabiti 2 tu kwa sekunde. Siku hizi sanduku huandikwa maelfu, lakini hesabu hiyo ni ya mashindano, si ya kazi. Aliye ofisini hupata nusu au chini yake, na hiyo nayo hugawanywa kwa wote.

Mtaona faida ya kujua haya kwa ofisi moja ya akiba na mikopo niliyoitwa kuitazama. Ilikuwa na kisanduku kimoja cha nyumbani, juu ya kabati katika chumba cha msimamizi. Karani wa dirishani alikuwa kuta mbili mbali, na katikati palikuwa na sefu ya chuma. Mwisho wa mwezi wanachama walijipanga toka asubuhi kutoa akiba zao, na daftari la hesabu, ambalo sasa liko katika kompyuta, likagoma kufunguka. Mama mmoja auzaye vitambaa alingoja mpaka adhuhuri akaondoka mikono mitupu, na mwenye lori la mizigo hakumngoja.

Wenyewe walidhani intaneti imepungua. Nilipopima nikakuta sivyo. Kompyuta ya karani, kwa kuwa ilisikia kwa shida, ilisema polepole sana. Na msemaji wa polepole akishika zamu barazani, wote humngoja, hata aliye karibu. Zaidi ya hayo neno la siri lilikuwa limeandikwa ukutani, na vijana uani walikuwa wakitazama mpira kwa mtandao ule ule wa hesabu za watu.

Tulifunga vituo viwili darini, kila kimoja na chaneli yake, vyote kwa jina moja, ili mwenye kutembea na simu ahamie kingine bila kuulizwa neno. Msimamizi alishangaa nilipopunguza nguvu ya vituo. Lakini simu ina sauti ndogo. Kituo kikipiga kelele sana, simu itakisikia ikiwa mbali nacho kisiisikie, nayo haitahamia kile cha karibu.

Umeme wa vituo hivyo hupita katika waya ule ule wa habari, ufundi uliowekewa kanuni mwaka 2003, na waya waweza kufika mita 100. Uzuri wake huonekana umeme ukatikapo: betri moja kando ya swichi yaviweka vyote macho.

Kisha tukagawa mitandao miwili katika vituo hivyo hivyo: wa wageni, usioona chochote ila intaneti, na wa kazi. Kufuli ya zamani iitwayo WEP ilivunjwa tangu mwaka 2001, asiitumie mtu. WPA2 ya mwaka 2004 yafaa, na WPA3 ya mwaka 2018 ni bora, kama kompyuta zaijua. Katika mtandao wa kazi kila karani ana jina lake na neno lake la siri. Akiacha kazi, hufutwa yeye peke yake, wala wengine hawasumbuliwi.

Wanafunzi wanaotaka kuhakikisha waweke katika simu programu ya kupima waifai. Itaonyesha hesabu yenye alama ya kutoa: kutoa 50 ni nzuri, kutoa 80 ni mbaya. Kila ikishuka kwa 10, nguvu iliyobaki ni sehemu moja ya kumi, basi kati ya hizo mbili tofauti ni mara elfu. Simameni mlangoni mwa darasa mwandike hesabu, kisha mwenzenu azuie njia kwa bati, mwandike tena. Halafu jaribuni kwa ubao, kwa ndoo iliyojaa maji, na kwa wanafunzi kumi waliosimama safu.