Skrini ya laptopu inapepesa? Jaribu hivi kabla ya kumlipa fundi

Kama unapiga picha za watalii na maharusi ufuoni Diani, unajua rangi ndiyo kazi yenyewe. Mchanga ukitoka wa manjano badala ya mweupe, au bahari ikikosa ile samawati yake, mteja hakosi kulalamika.

Sasa tuseme stima imepotea Ukunda, ukahariri albamu nzima kwa betri. Mteja anazifungua picha kwa simu yake na kukuuliza mbona rangi hazikukolea, ilhali kwako zilikuwa safi. Au skrini inaanza kupepesa, na fundi anakwambia ni ya kubadilishwa. Ngoja kwanza. Huenda shida ni mpangilio tu wa draiva ya grafiki, yaani programu inayoendesha skrini.

Skrini ni mojawapo ya vitu vinavyokula betri sana, kwa hivyo draiva hupewa mbinu za kubana matumizi. Hizi mbili ndizo za kujua.

Ya kwanza hupunguza taa iliyo nyuma ya skrini, kisha huongeza mwangaza na ukolevu wa picha ili usigundue. AMD huiita Vari-Bright. Kwa Intel utaiona kama ‘Display Power Savings’. Ukisoma barua pepe, haina neno. Ukihariri picha, macho yako yanadanganywa.

Ya pili ni ‘Panel Self Refresh’. Kwa kawaida skrini ya hezi 60 hutumiwa picha mara 60 kwa sekunde, hata kama hakuna kilichosogea. Skrini yenye uwezo huu ina kumbukumbu yake: inaishikilia picha ya mwisho huku sehemu ya grafiki ikipumzika. Lakini draiva na skrini zisipoelewana, skrini hupepesa au mshale wa kipanya hukwamakwama.

Raha ni kwamba unaweza kubadilisha haya mashine ikiwa inafanya kazi. Kwenye Windows yenye Intel, kama mashine yako ina Intel Graphics Command Center, ifungue, ingia System, halafu Power, uzime mipangilio hiyo upande wa betri. Kwa AMD, tafuta Vari-Bright ndani ya AMD Software.

Unatumia Linux? Kwa AMD, tangu kerneli ya 6.9 iliyotoka Mei 2024, kuna faili iitwayo panel_power_savings inayopokea namba 0 hadi 4. Namba 0 huzima kabisa, 4 hubana zaidi. Kwa Intel, msimamizi wa mashine anaweza kuandika 1 kwenye faili ya i915_edp_psr_debug. Zamani wengi walielekezwa kuweka i915.enable_psr=0, ambayo huhitaji kuwasha mashine upya.

Kwa nini ujali kubadilisha bila kuzima? Kwa sababu unapata jibu hapo hapo. Kupepesa kukikoma mara tu unapozima mpangilio, shida ni programu, na pesa zako zibaki mfukoni. Lakini ikiwa skrini inapepesa hata kabla Windows haijaingia, au inabadilika unaposogeza kifuniko, hapo shuku waya au skrini yenyewe. Mwone fundi.

Hii haimaanishi uzime kila kitu milele. Kama uko Msambweni unajaza majedwali ya kazi za mtandaoni na hujui stima itarudi saa ngapi, ubanaji huo ni rafiki yako. Uzime unaposhughulikia rangi, kisha uuwashe tena.

Leo fungua picha moja ya bahari unayoijua vizuri, halafu chomoa chaja. Mwangaza kushuka ni kawaida. Lakini rangi zenyewe zikigeuka, umeshajua pa kuanzia.