Sampuli: watu 384, vipimo 44,100, sekunde 4

Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 2,372,015 mkoani Mara. Ukitaka kujua ni wangapi wanaosikiliza muziki wa litungu, ile ala ya nyuzi, huna haja ya kuwauliza wote. Wakazi 384 waliochaguliwa kwa nasibu watakupa jibu ambalo, mara 95 kati ya 100, halitapishana na ukweli kwa zaidi ya asilimia 5 juu au chini.

Kwa Tanzania nzima, yenye watu 61,741,120, idadi inabaki 384. Kata ya Mara kama Kitaji, tuseme ina watu 10,000, ingehitaji 370. Ukubwa wa sampuli, basi, haufuati sana wingi wa wakazi. Unafuata usahihi unaoutaka. Ukitaka kosa lishuke kutoka asilimia 5 hadi 2.5, utahitaji watu 1,537, yaani mara nne, na posho za wahojaji zitapanda nao. Ukibana nauli kwa kuwahoji watu wa mwalo mmoja tu wa Mara, Mwigobero, hata 10,000 hawatakufaa, maana mkulima wa Butiama, mkoa huohuo, hakupewa nafasi ya kuchaguliwa.

Studio nayo huchukua sampuli, ila za wakati. Kompyuta hupima wimbi la sauti mara 44,100 kwa sekunde, kiwango cha CD tangu 1982. Ili mlio unaswe sawasawa, lazima upimwe zaidi ya mara mbili katika kila mtetemo, na sikio la binadamu hukomea kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde. Kila kipimo kikichukua baiti 2, kwa chaneli mbili, wimbo wa litungu wa dakika 4 unakula MB 42. Mtandao wa simu za mezani hupima mara 8,000 tu, kwa baiti 1: dakika hizohizo ni MB 1.9, na milio yote inayozidi mitetemo 4,000 imepotea. Ukipandisha vipimo hadi 88,200, faili linafika MB 85, lakini kilichoongezeka sikio halikisikii.

Sasa prodyuza anachukua sekunde 4 za rekodi hiyo na kuziingiza katika wimbo wake. Kipande kina baiti 705,600, hakifiki hata MB 1. Hapa ukubwa haupangi bei ya ruhusa. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 1999, mtunzi ana haki yake, na mpigaji na mwenye rekodi wana zao. Ufupi wa kipande peke yake si ruhusa. Sheria hiyo inalinda pia sanaa za jadi, hivyo wimbo wa wazee usidhaniwe hauna mwenyewe.

Ndiyo maana bajeti ya prodyuza ianze na ruhusa, kabla ya saa ya kwanza ya studio. Mtafiti aliyepungukiwa huongeza watu, na aliyerekodi vibaya hurudia. Ila wimbo ukishasambaa, bei anaipanga mwenye haki.