Kabla ya Mashine Kufika, Pimeni Shule

Siku hizi si ajabu mkutano wa shule kuitishwa kijijini na habari mpya ikatolewa: shule yetu nayo itapata kompyuta, au vile vibao vya kioo viitwavyo vishikwambi, na kila mzazi anaombwa atoe kitu. Wengi hufurahi. Wengine hunung'unika kwa ajili ya mchango. Lakini ni mara chache mtu kusimama na kuuliza swali lililo la kwanza: Je, shule yenyewe imepimwa?

Sisemi kupima kiwanja kwa kamba. Nasema kupima hali yake. Mtu anayetaka kununua ng'ombe wa maziwa hatazami ng'ombe tu. Hutazama pia majani yatatoka wapi, maji yako umbali gani, na nani atakayemkama alfajiri. Asipofanya hivyo, ng'ombe mzuri hukonda mbele ya macho yake, naye husema kwamba aliuziwa ng'ombe mbaya. Ndivyo ilivyo kwa mashine za kufundishia.

Labda utauliza, kuna ushahidi gani? Haya, twende mbali kidogo, mpaka nchi ya Peru huko Amerika ya Kusini, nchi ya milima mirefu na vijiji vingi vya wakulima kama sisi. Tangu mwaka 2008 serikali ya huko iligawa kompyuta ndogo kwa watoto wa shule, mamia ya maelfu, kila moja kwa bei ya dola 200 hivi. Ndani yake vilitiwa vitabu vipatavyo 200, na hiyo ni maktaba kubwa kwa mtoto ambaye pengine nyumbani hakuna vitabu vitano. Kisha wataalamu wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika wakachunguza shule 319 za vijijini, wakilinganisha zilizopata kompyuta na zile ambazo zilikuwa hazijapata. Katika shule zilizopata, kila mtoto alikuwa na kompyuta yake. Katika zile nyingine watoto wanane hivi walikuwa na moja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2012. Katika hesabu na katika lugha, watoto wa pande zote mbili walikuwa sawasawa. Akili yao ya kufumbua mafumbo ilionekana kuchangamka kidogo, na hilo si jambo la kudharau, lakini kusoma na kuhesabu kulibaki pale pale.

Kwa nini? Kompyuta zilifika, na watoto walizitumia. Lakini walimu walikuwa wamewekewa mafunzo ya saa 40 tu, na hakuna aliyewapa utaratibu wa kuonyesha kwamba somo hili la Jumatatu lifundishwe kwa kompyuta hivi na hivi. Basi watoto waliandika, walichora na kucheza kwa kadiri walivyoona wenyewe. Tena liko jambo moja ambalo mimi nalishika sana. Ilikusudiwa watoto wazichukue kompyuta mpaka nyumbani. Wakuu wengine wa shule walikataa, kwa kuwa waliogopa kwamba ikivunjika au ikiibwa haitaletwa nyingine. Ndugu msomaji, hofu hiyo haionekani katika karatasi ya mhandisi anayehesabu nyaya na soketi. Lakini ina nguvu kama kufuli.

Nami hofu hiyo naijua. Iko shule moja, jina lake nalihifadhi, ambako mashine zilizotolewa kwa msaada zilikaa kabatini ofisini kwa muhula mzima. Mwalimu mkuu hakuwa mvivu wala mwizi. Alikuwa ametia sahihi yake kwenye hati ya kupokelea mali, namba za mashine zote zikiwa zimeandikwa, na hakuna aliyemwambia mtoto akiangusha moja nani atalipa. Ungekuwa wewe, ungezitoa? Kila mgeni alipokuja, kabati lilifunguliwa, mashine zikapanguswa vumbi na kuonyeshwa, kisha kufuli likarudi mahali pake. Katika taarifa za shule iliandikwa kwamba "vifaa vipo." Ni kweli, vilikuwapo.

Hapo ndipo penye shida ya upimaji unaofanywa mara nyingi. Huhesabu kilichopo, wala hauhesabu kinachotumika. Nchini Kenya, mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza, nayo ilifanya vizuri kutangulia kuvuta umeme katika shule za msingi. Mpaka mwaka 2019 vifaa zaidi ya milioni moja vilikuwa vimefika katika shule zaidi ya 21,000. Ni kazi kubwa kweli. Lakini waya kufika shuleni ni jambo moja, na umeme kuwamo darasani saa nne asubuhi, wakati wa somo, ni jambo jingine. Nani analipa umeme ukiisha? Soketi ziko ngapi, na ziko darasani au zote ziko ofisini? Na hata huo waya bado ni neema, maana UNESCO katika taarifa yake ya mwaka 2023 ilisema kwamba duniani shule moja ya msingi katika kila nne haina umeme kabisa.

Msidhani kwamba napinga mashine. Tazameni yaliyotokea karibu nasi, Mkoa wa Tanga, kati ya mwaka 2017 na 2019. Yalikuwako mashindano ya dunia ya kutengeneza masomo ya Kiswahili ndani ya vishikwambi, ili mtoto ajifunze kusoma, kuandika na kuhesabu. Vishikwambi vilipelekwa katika vijiji vipatavyo 170, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao wakiwa hawajaingia shule hata siku moja. Kabla ya kuanza walipimwa, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilishuka kwa nusu. Angalieni sasa yale yaliyotangulizwa: mitambo ya kuchajia kwa nguvu za jua ilijengwa katika vijiji, masomo yalikuwa katika lugha wanayoisikia watoto kila siku, na mashine zilikuwa mikononi mwa watoto wenyewe, si kabatini. Na bado nusu ya wale wasioweza walibaki vile vile. Mwenye kuwaambia kwamba mashine peke yake itatosha, mwambieni ahesabu nusu hiyo.

Tena hapa kwetu Tanzania, mwishoni mwa mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya watu na makazi viligawiwa walimu, pamoja na vingine, jumla karibu 300,000. Basi katika vijiji vingi mashine tayari imefika mkononi mwa mwalimu. Muulizeni kwa upole, bila kumfanya aone anashtakiwa: Mwalimu, kinakusaidia kwa lipi? Kinakushinda wapi? Fedha za kutumia mtandao unatoa mfukoni mwako? Ana watoto wangapi mbele yake, na daftari ngapi za kusahihisha jioni? Kwa maana saa za mwalimu nazo ni kipimo. Mwalimu mwenye watoto 90 hawezi kuongezewa kazi ya kujifunza mashine usiku kisha tukashangaa hakuitumia.

Ziko njia za kupima hali hizi. Huko Ulaya, tangu mwaka 2018, shule zinaweza kutumia orodha ya maswali iitwayo SELFIE, ambayo hailipiwi. Uzuri wake ni kwamba haimwulizi mkuu wa shule peke yake. Huuliza pande tatu, wakuu, walimu na wanafunzi, kila mmoja bila kutaja jina lake. Kisha majibu huwekwa pamoja. Mkuu akisema mashine hutumika kila juma, na watoto wakisema hawajaigusa tangu sikukuu ya Pasaka, hapo yamepatikana mazungumzo ya maana. Hakuna haja ya kumkamata mtu kwa uongo. Huenda kila mmoja anasema kweli kwa kadiri anavyoona kutoka pale alipoketi.

Kamati ya shule kijijini inaweza kufanya hivyo kwa daftari na kalamu. Kwa siku kumi za masomo, mmoja aandike umeme ulikuwako saa ngapi kati ya asubuhi na mchana. Fundi atazame paa la chumba hicho wakati wa mvua, si wakati wa kiangazi. Walimu waulizwe peke yao. Watoto wa madarasa mbalimbali waulizwe peke yao, na wasichana wasichanganywe na wavulana, maana darasani mara nyingi mvulana ndiye anayeshika mashine na msichana husimama nyuma akitazama. Mkiwauliza pamoja, msichana hatasema.

Na juu ya ufunguo, yaandikwe wazi kabla ya mashine yo yote kupokelewa: nani anaushika, nani anaushika asipokuwapo, na chombo kikivunjika kwa bahati mbaya nani atalipa. Neno hili la mwisho lipitishwe na mkutano wote wa wazazi na litiwe sahihi, ili mwalimu mkuu asiubebe mzigo huo peke yake. Karatasi iandikwe tarehe, ikae kwa katibu wa kamati, na mwaka ukizunguka hesabu hizo hizo zihesabiwe tena, watoto wakiulizwa kwanza.