Mshahara wa msingi: Namba inayomfuata mtumishi hadi kustaafu

MWISHONI mwa mwezi, simu ya mwalimu, muuguzi au mtendaji wa mtaa anayeishi Ijuganyondo, moja ya kata za Manispaa ya Bukoba mkoani Kagera, hupokea ujumbe mfupi kutoka benki. Ujumbe huo hutaja kiasi kimoja tu, yaani fedha zilizobaki baada ya makato. Kiasi hicho ndicho kinachojadiliwa nyumbani, dukani na kwa mwenye nyumba ya kupanga.

Hata hivyo, namba yenye uzito mkubwa zaidi katika maisha ya mtumishi huyo haimo katika ujumbe wa benki. Imo katika hati ya mshahara, ambayo wengi huiita slipu, nayo ni mshahara wa msingi. Kutokana na namba hiyo hukatwa michango, hupimwa uwezo wa kukopa na, miaka mingi baadaye, hukokotolewa pensheni. Posho haziingii katika hesabu hiyo, hata kama ndizo zilizokuwa zikimlisha mtumishi kwa muda mrefu.

Mshahara wa mtumishi wa Manispaa hautengenezwi na mhasibu wa Bukoba. Ofisa Utumishi wa halmashauri ndiye anayeingiza taarifa katika mfumo wa taarifa za kiutumishi na mishahara, zikiwamo za nani ameajiriwa, amethibitishwa kazini, amepanda daraja, amehama, amestaafu au amefariki dunia. Ofisi ya Rais, inayoshughulikia Utumishi, husimamia mfumo huo na kuidhinisha mabadiliko, kisha Hazina hulipa moja kwa moja katika akaunti ya kila mtumishi. Watumishi wa zamani wanakumbuka enzi za kupanga foleni kwenye dirisha la halmashauri, wakisubiri mhasibu arudi na fedha kutoka benki.

Utaratibu wa sasa umeondoa foleni, lakini umeongeza uzito wa kazi ya Ofisa Utumishi. Badiliko likiingizwa baada ya orodha ya mwezi kufungwa, mtumishi husubiri mwezi unaofuata. Jina la marehemu lisipoondolewa kwa wakati, mshahara huendelea kwenda.

Uzembe wa aina hiyo ndio uliozaa msamiati wa “watumishi hewa”. Machi 15, 2016, Rais John Magufuli aliwapa wakuu wa mikoa siku 15 kuwaondoa katika orodha ya malipo. Mkuu wa Mkoa wa Shinyanga, Anne Kilango Malecela, aliyetoa taarifa kwamba mkoa wake haukuwa na mtumishi hewa hata mmoja, alipoteza wadhifa huo mwezi uliofuata baada ya uhakiki mwingine kubaini 45. Aprili 2017 ukafuata uhakiki wa vyeti, ambapo watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi na kuondolewa kazini.

Uhakiki huo uliambatana na gharama ambayo haikuwagusa wahusika peke yao. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya na upandishaji wa madaraja ili kupisha kazi hiyo. Mtumishi mwenye vyeti halali, aliyekuwa afikie daraja jipya mwaka huo, alibaki na mshahara wake wa zamani. Athari ya kusubiri huko haikuishia katika fedha za mwezi, kama hesabu ya pensheni inavyoonyesha hapa chini.

Chukua mfano wa mwalimu ambaye mshahara wake wa msingi ni Sh1,000,000 kwa mwezi. Kwanza anakatwa asilimia 5, yaani Sh50,000, kwenda Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma (PSSSF). Mwajiri, ambaye ni Serikali, anaongeza asilimia 15, yaani Sh150,000. Fedha hizo za mwajiri mwalimu hazioni mkononi, na pengine ndiyo sababu wengi huzisahau wanapolinganisha kazi ya Serikali na ya kampuni binafsi.

Bima ya afya hukatwa asilimia 3, yaani Sh30,000, na mwajiri huchangia kiasi kama hicho. Huo ndio mchango unaomwezesha mwalimu, mwenza wake na wategemezi waliosajiliwa kutibiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa bila kutafuta fedha usiku.

Kodi ya mapato hutozwa baada ya kuondoa mchango wa pensheni. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, kodi ya Sh950,000 zinazobaki ni Sh115,500. Akiwa mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania (CWT), anakatwa ada ya asilimia 2, ambayo ni Sh20,000. Akiwa alisoma chuo kikuu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani Sh150,000 kila mwezi hadi deni liishe. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 8 kabla ya sheria kurekebishwa mwaka 2016.

Jumla ya makato hayo ni Sh365,500, na mwalimu anabaki na Sh634,500 hata kabla ya kukopa benki. Kanuni inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara wa msingi, yaani mtumishi asibakiwe na chini ya Sh333,333. Kwa hiyo rejesho la mkopo wa benki haliwezi kuvuka takriban Sh301,000. Ofisa Utumishi anapokataa kupitisha fomu ya mkopo, mara nyingi huonekana mkorofi, ilhali ni hesabu hiyo iliyomfunga mikono.

Yapo pia mafao ambayo hayaonekani katika hati ya mshahara, na hapo ndipo manung’uniko huwa mengi. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinatambua nauli ya likizo mara moja kila baada ya miaka miwili kwa mtumishi, mwenza na wategemezi hadi wanne. Mtumishi aliyetangaza kwao kuwa Muleba atadai nauli ndogo, na aliyetoka Mtwara kuja kufanya kazi Bukoba atadai nauli ya kuvuka nchi nzima. Zimo pia gharama za uhamisho, posho ya kujikimu kwa mwajiriwa mpya na gharama za mazishi. Mtumishi wa kike hupewa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, ambazo hufikia 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja.

Tofauti iliyopo ni kwamba mshahara hulipwa na Hazina kupitia mfumo, lakini nauli za likizo na uhamisho hutegemea fungu la matumizi mengineyo la taasisi anakofanyia kazi. Fungu hilo likipungua, haki haifutiki, bali hugeuka deni. Kwa sababu hiyo mtumishi anaweza kulipwa mshahara kila mwezi bila kukosa, huku akidai nauli ya likizo ya miaka kadhaa iliyopita. Madai ya aina hizo mbili hufuata njia tofauti, na kuyachanganya katika barua moja huyachelewesha yote.

Kuhusu pensheni, sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipitishwa mwaka 2018, na PSSSF ikaanza kazi Agosti 1 mwaka huo. Kikokotoo kipya kilizua malalamiko makubwa kiasi kwamba Desemba 28, 2018, Rais Magufuli alikisitisha. Kikarejea kwa sura nyingine Julai 1, 2022, kikitoa malipo ya mkupuo ya asilimia 33. Katika bajeti ya mwaka 2024/25, Serikali ikapandisha mkupuo huo hadi asilimia 40 kwa kundi lililokuwa likipata asilimia 50 zamani, na hadi asilimia 35 kwa lililokuwa likipata 25.

Hesabu yenyewe si ngumu. Idadi ya miezi ya kuchangia hugawanywa kwa 580, kisha huzidishwa kwa wastani wa mshahara wa mwaka, unaotokana na miaka mitatu bora kati ya kumi ya mwisho. Mwalimu wa mfano wetu, aliyechangia miezi 360 na kuwa na wastani wa Sh12,000,000 kwa mwaka, anapata pensheni kamili ya takriban Sh7,448,000 kwa mwaka. Asilimia 40 yake, ikizidishwa kwa 12.5, ni mkupuo wa takriban Sh37,241,000. Asilimia 60 inayobaki hugawanywa kwa miezi 12, naye hupokea Sh372,000 na ushee kila mwezi.

Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF na LAPF, cha kugawanya kwa 540 na kuzidisha kwa 15.5, msingi huo huo ungempa mkupuo wa Sh62,000,000 na pensheni ya Sh333,000 kwa mwezi. Mstaafu wa leo anapata zaidi kila mwezi, lakini anapungukiwa karibu Sh25,000,000 siku ya kwanza. Wataalamu wa mifuko hutetea uhai wa Mfuko, na hoja yao ina msingi. Lakini katika mkoa ambako mstaafu anatarajiwa kurudi kwenye kibanja chake cha migomba na kahawa akiwa na nyumba iliyokamilika, mkupuo ndio mabati na saruji. Nyongeza ya Sh39,000 kwa mwezi haiezeki paa.

Hapo ndipo daraja lililochelewa linaporudi. Tuseme mwalimu huyo huyo, kwa kuwa alicheleweshwa kupanda, anastaafu na wastani wa Sh900,000 kwa mwezi badala ya Sh1,000,000. Mkupuo wake unashuka hadi takriban Sh33,517,000, na pensheni hadi Sh335,000. Amepoteza zaidi ya Sh3,700,000 kwa mara moja, na takriban Sh37,000 kila mwezi kwa maisha yake yote. Hata akilipwa malimbikizo ya daraja baadaye, asipohakikisha kuwa mishahara ya miaka husika na michango yake imerekebishwa katika kumbukumbu za Mfuko, pengo hilo linabaki.

Kigezo kingine ni muda. Anayefikisha umri wa kustaafu akiwa amechangia miezi isiyopungua 180 ndiye mwenye haki ya pensheni ya kila mwezi. Watumishi walioondolewa kwa vyeti vya kughushi walianza kurejeshewa fedha zao Novemba 2022, lakini walichorejeshewa ni mchango waliokatwa wao wenyewe. Mchango wa mwajiri haukuwahusu.

Makosa mengi yanayokwamisha mafao huwa madogo. Jina katika cheti cha kuzaliwa linatofautiana na la kitambulisho cha Taifa kwa herufi moja. Mwenza wa ndoa iliyofungwa miaka kumi baada ya ajira hajawahi kusajiliwa. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa siku ya kuajiriwa, ambayo Serikali huichukua kuwa ndiyo ya kudumu, si ile mtumishi anayoitaja sasa anapokaribia miaka 60. Michango ya miezi kadhaa ya zamani, enzi za mifuko minne, haionekani katika taarifa ya mwanachama.

Mtumishi anayetaka kustaafu kwa hiari, kuanzia umri wa miaka 55, hutakiwa kutoa taarifa miezi sita kabla. Anayesubiri miaka 60 naye huanza kuandaa nyaraka zake katika kipindi hicho. Miezi sita inatosha kukusanya fomu na picha. Kutafuta barua ya kupandishwa daraja ya mwaka 2016, ambayo nakala yake haimo katika jalada la masijala, huchukua muda mrefu kuliko huo.